Saa Nane na Nusu, Hati Inawekwa Mezani

Jumanne mchana, saa nane na nusu, kengele ya bunge la kaunti, hapa Kenya, inalia. Madiwani waliokuwa wameegemea magari wakimalizia simu wanaingia ukumbini mmoja mmoja. Siwa, ile fimbo ya mamlaka ya bunge, inatangulia, Spika anaifuata, sala inasomwa. Kama waliomo hawajafika theluthi moja ya wanachama wote, kengele inalia tena na watu wanasubiriana wakitazama mlango. Akidi ikitimia, Spika anapitia orodha ya shughuli kwa mpangilio ule ule wa juma lililopita: matangazo, ujumbe kutoka kwa gavana, maombi ya wananchi, hati, ilani za hoja, taarifa. Inapofika zamu ya hati, kiongozi wa walio wengi anasimama, anasoma kichwa kirefu cha Kiingereza, anaiweka hati mezani na kuketi. Sekunde ishirini. Pengine thelathini, akijikwaa kwenye jina la hati.

Hapo ndipo mwanahabari hutoka nje kupiga simu. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, bunge la kaunti hufanya kazi yake kubwa zaidi, au huikwepa.

Mabunge haya tumeyazoea kwa fujo zake. Embu ilipoanza safari ya kumng'oa gavana wake, Martin Wambora, mwaka 2014, Nairobi ilipomgeukia Mike Sonko mwishoni mwa 2020, Meru ilipomkabili Kawira Mwangaza mwaka 2024, nchi nzima ilijua theluthi mbili ya madiwani ni watu wangapi. Tulihesabu kura kama tunavyohesabu mabao. Gavana akishaondoka au akishanusurika, kamera hufungashwa na ukumbi hurudia mambo yake ya kila siku kwa miezi na miezi bila shahidi.

Hayo mambo ya kila siku yana thamani yake. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14, kaunti zetu 47 zilipoanza kazi, mgao wao wa mapato ya kitaifa ulikuwa shilingi bilioni 190. Katika mwaka wa 2025/26 ni bilioni 415. Hapo hujahesabu ada za soko, za maegesho, leseni za biashara na ushuru wa ardhi. Fedha hizo ndizo zinazoendesha hospitali za kaunti na zahanati, shule za chekechea, barabara za mashinani, masoko, makaburi, hata leseni za mbwa, ambazo Katiba haikuona haya kuzitaja kwa jina. Mwenye kufuatilia siasa kwa ajili ya tumbo lake, siyo kwa burudani, ana kila sababu ya kujua ni siku gani hasa pesa hizo hugawanywa.

Jibu la wengi ni Juni, na wanakosea kwa miezi mitatu au zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka hazina ya kaunti kulipelekea bunge waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Waraka huo hauvutii. Ndani yake utakuta makadirio ya mapato, maelezo ya hali ya uchumi ambayo aghalabu yamechukuliwa kutoka kwa waraka wa Hazina ya Kitaifa, kisha, karibu na mwisho, jedwali moja. Jedwali hilo linaweka kiwango cha juu ambacho kila idara inaweza kutengewa mwaka ujao: afya kiasi hiki, kilimo kiasi hiki, ofisi ya gavana kiasi hiki, bunge lenyewe kiasi hiki. Madiwani wana siku 14 za kuujadili na kuupitisha, wakiurekebisha wakitaka. Makadirio kamili ya bajeti huja kufikia 30 Aprili, nayo yanatakiwa yawe yameidhinishwa ifikapo 30 Juni.

Sasa soma kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015. Zinasema kwamba bunge likibadilisha makadirio, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia moja ya kiwango kilichowekwa. Asilimia moja. Tuseme idara ya afya iliwekewa bilioni mbili kwenye lile jedwali. Diwani atakayesimama Juni, sauti ikimkauka, akieleza jinsi akina mama wanavyojifungulia njiani kwa kukosa gari la wagonjwa, ana milioni 20 za kupigania. Nazo lazima zichomolewe kwa idara nyingine, ambayo pia haipunguziki kupita asilimia moja yake. Anaweza kubishana kuhusu zahanati ipi ijengwe na ipi isubiri. Ukubwa wa fungu lenyewe ulikwisha kuamuliwa, na huenda yeye mwenyewe alikuwa ukumbini siku hiyo na akasema ndio.

Nimewahi kumweleza diwani mmoja jambo hili, mtu mwenye muhula wa pili, na akanitazama kama niliyemtukania mzazi. "Hiyo karatasi ya Machi? Ile tulipitisha haraka, tulikuwa na safari."

Simlaumu kwa wepesi. Kuna sababu nzuri ya shughuli hizi kupita bila hotuba. Bunge la kaunti hukutana siku chache kwa wiki, na mengi huwa na vikao vinne tu kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Kila hati ikifunguliwa na kujadiliwa pale pale, ripoti ya robo mwaka ya bodi ya maji itakula wiki nzima, na mswada wa soko utasubiri mwaka. Ndiyo maana hati ikishawekwa mezani hupelekwa kwenye kamati. Kamati ndiyo jiko: huko ndiko waziri wa kaunti huitwa akaulizwa, mhasibu akaletwa na vitabu vyake, na ripoti ikaandikwa. Katiba, kifungu cha 195, imeipa kamati ya bunge la kaunti uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai nyaraka. Uwezo huo si mdogo kwa kundi la watu kumi au kumi na watano walioketi kwenye chumba chenye feni moja.

Mpango huo ni mzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba jiko lenyewe limehama. Kifungu cha 196 kinasema vikao vya bunge na vya kamati zake viwe wazi kwa umma. Lakini ripoti nyingi nzito, hasa za bajeti, huandikiwa kwenye hoteli, mara nyingi katika kaunti nyingine kabisa, pwani au kando ya ziwa, mahali ambapo mkazi wa wadi hawezi kufika bila kuuza mbuzi. Hakuna aliyemfungia mlango. Mlango umewekwa tu umbali wa kilomita mia nne.

Ripoti ikirudi ukumbini, mwenyekiti wa kamati huwasilisha hoja kwamba bunge liikubali. Mmoja anaunga mkono. Wawili watatu wanaipongeza kamati kwa kazi nzuri, neno ambalo ningependa lipigwe marufuku kwenye mabunge yote 47 walau kwa muhula mmoja. Kisha Spika anauliza: wanaokubali waseme ndio. Sauti zinatoka. Wanaopinga waseme la. Kimya. "Waliosema ndio wameshinda." Hansadi, kumbukumbu rasmi ya bunge, itaandika kwamba hoja ilijadiliwa na kukubaliwa. Haitaandika nani alisema ndio, nani alinyamaza, nani alikuwa akisoma WhatsApp. Kura ya majina hupigwa pale tu madiwani wa kutosha wanapoidai, na katika mambo haya ya kila siku ni nadra mtu kuidai. Mwaka wa uchaguzi ukifika, ukimuuliza diwani wako alipigaje kura kuhusu lile jedwali la Februari, anaweza kukujibu chochote, na hakuna ukurasa popote wa kumsuta.

Linganisha na sehemu ya taarifa. Hapa diwani huamka. Anadai taarifa kutoka kwa kamati ya barabara kuhusu daraja lililosombwa na maji katika wadi yake, anataja kijiji kwa kijiji, anapaza sauti, na msaidizi wake aliyeketi kwenye jukwaa la wageni anarekodi kwa simu. Jioni video iko kwenye makundi yote ya wadi. Majibu ya taarifa huja baada ya wiki kadhaa, yamejaa "mpango upo" na "fedha zikipatikana", na wakati huo hakuna anayerekodi. Sidharau kazi hiyo, daraja ni daraja. Ila daraja hilo lingekuwa na fedha kama fungu la barabara lingepiganiwa Machi, na Machi haina video.

Kuna na suala la lugha, ambalo wachambuzi wenzangu wanaoandika kwa Kiingereza hawaligusi kwa sababu haliwaumi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukumbini diwani ana ruhusa ya kuzungumza Kiswahili, na wengi huzungumza, tena Kiswahili kitamu. Lakini hati iliyo mezani kwa kawaida ni ya Kiingereza, ripoti ya kamati ni ya Kiingereza, jedwali ni la Kiingereza, na orodha ya shughuli iliyobandikwa nje ni ya Kiingereza. Matokeo yake ni bunge lenye tabaka mbili: juu kuna maneno ya Kiswahili ambayo kila mtu anayaelewa na hayaamui kitu, chini kuna karatasi za Kiingereza zinazoamua. Kichekesho ni kwamba chombo kinachobebwa mbele ya Spika tunakiita siwa, jina la pembe kubwa za Lamu na Pate, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya madini, zilizopulizwa katika sherehe kubwa kuwaita watu. Siwa yetu ya kaunti haina tundu. Inalazwa mezani na kunyamaza.

Kama Februari ndiyo siku ya kugawa, kuna siku nyingine ya kugawa upya, nayo hupita kimya zaidi. Ni bajeti ya nyongeza. Sheria inairuhusu serikali ya kaunti kutumia fedha ambazo bunge halikuzitenga, ilimradi zisipite asilimia 10 ya bajeti ya mwaka huo, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Lengo ni jema: mafuriko hayasubiri Juni. Lakini soma tena mpangilio wake. Pesa kwanza, ruhusa baadaye. Hati ya bajeti ya nyongeza inapofika mezani, sehemu ya fedha inaweza kuwa tayari imetumika, na diwani anayesema la anapinga kitu ambacho kimeshatokea. Wakati mwingine hati hiyo huja mwishoni kabisa mwa mwaka wa fedha, huku miradi ya wadi ikikatwa ili kulipia mishahara, safari na madeni. Wananchi walioonyeshwa eneo la mradi mwezi wa Agosti hubaki wakisubiri trekta. Hakuna anayewaambia kwamba mradi wao ulifutwa Jumatano moja asubuhi kati ya maombi ya wananchi na mapumziko ya chai.

Madeni ni zao la utaratibu huu huu. Kufikia Juni 2024, kaunti zilikuwa zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150 na wakandarasi na wauzaji wa bidhaa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha takwimu hizo kaunti kwa kaunti, robo mwaka baada ya robo mwaka. Kuna wauzaji wadogo waliopeleka dawa, saruji au chakula cha wagonjwa kisha nyumba zao zikapigwa mnada. Deni la namna hiyo halizaliwi kwa wizi peke yake. Linazaliwa pia pale makadirio ya mapato ya ndani yanapofutuliwa kwenye waraka wa Februari ili matumizi yaonekane yana chanzo, na hakuna diwani anayeuliza: mwaka jana mlikusanya kiasi gani hasa? Swali la sekunde tano.

Halafu kuna ukaguzi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatakiwa kutoa ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Kifungu cha 229 kinalipa Bunge au bunge la kaunti miezi mitatu baada ya kuipokea ripoti kuijadili na kuchukua hatua. Tunawaona magavana wakihojiwa na Seneti jijini Nairobi, wakifuta jasho mbele ya kamera, na tunadhani hapo ndipo kazi imefanyika. Maseneta wanajitahidi, lakini wana kaunti 47 za kuhoji. Diwani ana moja, na anazijua barabara zake kwa miguu. Mkaguzi akiandika kwamba kisima fulani kimelipiwa na hakionekani, seneta atamuuliza gavana. Diwani anaweza kwenda kuangalia baada ya chakula cha mchana. Ripoti hiyo hiyo huwekwa mezani kwenye bunge lake, sekunde ishirini, kisha inakwenda kwenye kamati ya hesabu za umma, na miezi mitatu inaanza kuhesabika bila mtu wa kuihesabu.

Mambo haya ya kila siku yakichukuliwa kwa wepesi, yana namna ya kulipiza. Kiambu ilijifunza mapema. Sheria yake ya fedha ya mwaka 2013, iliyopandisha ada mbalimbali, ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2014. Jaji George Odunga hakuhitaji kuamua kama ada zilikuwa kubwa au ndogo. Tatizo lilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Hatua ambayo makarani wa mabunge mengi huiona kama tangazo la kubandika na mikutano miwili mitatu kwenye kumbi za kijamii ndiyo iliyoiangusha sheria nzima. Tangu hapo kila kaunti hutoa tangazo. Idadi ya matangazo imeongezeka kuliko idadi ya watu wanaopewa waraka wenyewe kabla ya kuulizwa maoni yao juu yake.

Utauliza: upinzani uko wapi? Swali la haki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliunda bodi ya huduma za bunge katika kila kaunti, ndiyo inayosimamia watumishi, majengo na bajeti ya bunge lenyewe. Mwenyekiti wake ni Spika. Ndani yake kuna uongozi wa walio wengi na pia wa walio wachache. Kwa maneno mengine, mtu ambaye kazi yake ukumbini ni kuitilia shaka serikali huketi meza moja na mpinzani wake kupanga magari, mafunzo na safari za wote. Siioni hiyo kuwa njama, maana bunge lazima liendeshwe na mtu. Lakini hupunguza sana hamu ya kudai kura ya majina Jumatano asubuhi. Na kumbukumbu za bodi hiyo ndizo ngumu kuliko zote kuzipata. Niliwahi kuziomba kwenye kaunti moja nisiyoitaja, kwa barua, kama nilivyoelekezwa. Nilijibiwa kwamba barua yangu itawekwa mbele ya bodi.

Mwaka jana nilibadilisha mtindo wangu. Badala ya kwenda Juni pamoja na kila mtu, nilikwenda siku ya Machi ambayo waraka wa mkakati wa fedha ulikuwa kwenye orodha ya shughuli. Niliacha kitambulisho langoni, nikapanda jukwaa la wageni. Tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyetumwa na mwalimu wake. Wawili walikuwa mama na mwanawe wa kiume, wamevaa nguo za kanisani, bahasha ya kaki mapajani. Mwenyekiti wa kamati ya bajeti alisoma muhtasari, akaungwa mkono, akapongezwa mara tatu. Nilipiga saa. Kutoka kusimama kwake hadi Spika kutangaza kwamba ndio wameshinda zilipita dakika kumi na moja. Mama yule aliniinamia akanong'ona kama hapo ndipo wanapogawa fedha za basari. Nikamwambia, kwa namna fulani, ndiyo, zimegawanywa sasa hivi. Akatazama chini ukumbini, akanionyesha kiti kimoja cha mstari wa nyuma kilichokuwa wazi, akaniuliza kama nimemwona mwenyewe akitoka.